Kebo za USB za mbele: ipi isukumwe, ipi isiguswe kwa nguvu

Swali: "Naunda kompyuta yangu ya kwanza. Kasha limekuja na kebo tatu za USB za mbele. Moja ni nene yenye plagi ya buluu, ya pili ni nyembamba yenye plagi nyeusi ya matundu tisa, na ya tatu ina kichwa kidogo cha chuma. Ile nene haitaki kuingia na naogopa kuisukuma nisije nikavunja kitu. Ya pili naona sehemu nne kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) zenye pini tisa, zote zinafanana. Ya tatu sioni pa kuichomeka kabisa. Nikikosea nitaunguza madabodi?"

Jibu: Ndugu yangu, woga wako ni wa haki, ila umeuelekeza kwenye kebo isiyostahili. Ile nene ya buluu ndiyo inayodai nguvu ya mkono kweli kweli. Nyeusi nyembamba, ambayo hukutaja kuiogopa, ndiyo isiyotakiwa kulazimishwa hata kidogo. Ikikaa mahali pake huingia kwa msukumo wa kidole, na ikikataa ujue umekosea sehemu au umeigeuza.

Kabla ya yote, chomoa waya wa umeme. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, inapokuwa imeunganishwa na umeme hutoa volti 5 za kusubiri hata kompyuta ikiwa imelala, na kwenye madabodi nyingi volti hizo hufika mpaka kwenye pini za USB. Ndiyo maana utaona simu ikiendelea kuchaji kwenye kompyuta iliyozimwa. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma tupu cha kasha, kisha endelea.

Tuanze na nyeusi, maana hapo ndipo penye mtego.

Plagi hiyo ni ya USB 2.0. Ina nafasi kumi katika safu mbili za tano tano, lakini nafasi moja imezibwa, ndiyo maana ukahesabu matundu tisa. Kila safu inahudumia tundu moja la mbele kwa nyaya nne: volti 5, waya mbili za data, na hasi, yaani waya wa kurudisha umeme. Kwa hiyo plagi moja inaendesha matundu mawili ya mbele. Nafasi ya tano haibebi kitu cha maana. Upande mmoja imezibwa, upande wa pili kuna pini isiyotumika. Ile iliyozibwa ndiyo ufunguo wako, kwa sababu kwenye madabodi pini ya mahali hapo haipo.

Sasa zile sehemu nne. Kwa maelezo yako, nina hakika unaangalia sehemu ya USB 2.0 moja au mbili, ya sauti ya mbele, ya vitufe na taa za kasha, na pengine ya COM, yaani mlango wa zamani wa kuunganishia vifaa ambao madabodi nyingi bado zinaubeba. Zote zina nafasi kumi na pini tisa. Kinachozitofautisha ni pini ipi imekosekana.

Ya sauti ni rahisi kuitambua, kwa kuwa pini iliyokosekana haiko kwenye kona, iko ya pili kutoka mwisho wa safu. Ukiona pengo katikati ya pini, hiyo ni sauti, achana nayo. Zilizobaki zote zimekosa pini ya kona, na hapo ndipo wengi hupotea. Fanya hivi: itazame sehemu husika kutoka juu, safu zikiwa zimelala kushoto kwenda kulia, halafu jizungushe wewe au uzungushe kasha mpaka kona tupu iwe upande wa kulia. Kona tupu ikiwa chini kulia, hiyo ni USB. Ikiwa juu kulia, ni ya vitufe vya kasha au ni COM. Zinafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, lakini hata uzigeuze vipi, moja haitakaa mahali pa nyingine. Ndiyo maana plagi ya USB ikiwekwa kwenye sehemu ya vitufe hukutana na pini pale ilipozibwa, na hapo ndipo mtu husukuma akaikunja pini.

Hakikisha kwa maandishi yaliyochapwa pembeni mwa pini. USB 2.0 huandikwa F_USB, JUSB au USB pamoja na namba; sauti huandikwa AAFP, HD_AUDIO au JAUD; vitufe ni F_PANEL, PANEL au JFP. Herufi hizo ni ndogo mno na mara nyingi hukaa chini ya kivuli cha kasha, kwa hiyo washa tochi ya simu na uimulike kwa pembeni, si moja kwa moja. Kitabu cha madabodi kina mchoro wa kila sehemu na jina lake. Kama kimepotea, kipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la modeli. Mimi hupendelea kusoma mchoro kuliko kuamini kilichoandikwa kwenye plagi, kwa kuwa mwenye kasha na mwenye madabodi ni watengenezaji wawili tofauti na kila mmoja ana mtindo wake wa kuandika.

Kama sehemu za USB 2.0 ziko mbili, haijalishi unachagua ipi. Chagua ile ambayo kebo inaifikia bila kuvutwa. Ila fikiria mbele kidogo: kipoozaji cha maji chenye taa, kidhibiti cha feni, na kadi ya Wi-Fi yenye Bluetooth, vyote hivyo huwa vinahitaji sehemu ya USB 2.0. Kadi ya Wi-Fi huwachanganya sana wajenzi wapya: Wi-Fi yake hupita kwenye nafasi ya PCIe (nafasi ya kuchomekea kadi kwenye madabodi) ilikochomekwa, lakini Bluetooth yake inahitaji kebo ndogo ya USB. Mtu anachomeka kadi, intaneti inapatikana, spika za Bluetooth hazionekani, anadhani kadi ni mbovu. Sehemu zikikuishia, kuna habu ndogo za ndani zinazogawa sehemu moja kuwa kadhaa. Chukua inayopata umeme wake kutoka pawa saplai.

Uliuliza kuhusu kuunguza. Kwa plagi nzima ya kisasa yenye tundu lililozibwa, kuunguza ni vigumu, kwa sababu utakwama kwanza. Hatari iko kwenye hali mbili. Ya kwanza ni plagi isiyo na kizibo, au kasha la zamani ambalo kila waya una kichwa chake peke yake. Hapo ukikosa kwa pini moja, volti 5 zinaweza kuingia kwenye waya wa data na kuua flashi au simu utakayochomeka mbele. Ukikutana na nyaya za namna hiyo, rangi za kawaida ni nyekundu kwa volti 5, nyeupe kwa data hasi, kijani kwa data chanya na nyeusi kwa hasi. Zipange kwa kufuata mchoro wa kitabu, mmoja mmoja. Ya pili ni madabodi za zamani zenye sehemu ya FireWire, aina nyingine ya muunganisho wa vifaa, iliyoandikwa 1394. Hiyo ina nafasi kumi, imekosa pini kwenye kona ileile kama USB, na inabeba volti 12. Plagi ya USB inaingia humo bila kugoma. Vitabu vya madabodi hizo viliweka onyo kali kuhusu jambo hili na onyo lenyewe si la kupuuza. Kama madabodi yako ni mpya, hutaikuta.

Sasa tuje kwa jitu lako la buluu.

Hiyo ni USB 3.0. Nafasi zake ni 20 na pini ni 19. Nyaya zimeongezeka kwa sababu USB 3.0 haikuifuta ya zamani. Iliacha nyaya nne za USB 2.0 kama zilivyo, ikaongeza tano pembeni yake kwa ajili ya mwendo wa kasi. Tisa kwa kila tundu, matundu mawili, jumla 18, na pini moja ya ziada ya utambulisho. Kwenye madabodi zimezungushiwa ukuta wa plastiki wenye pengo upande mmoja mrefu, na plagi yako ina nundu inayoingia kwenye pengo hilo. Kwenye sanduku au kitabu usishangae ukiona jina jingine. USB 3.0 ilitoka 2008, baadaye ikaitwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1, na kwenye madabodi utakuta imefupishwa kuwa U32G1 au F_USB30. Kasi ni ileile, gigabiti 5 kwa sekunde. Waliobuni majina hayo walitupa kazi bure.

Kwa nini haiingii? Pini 19 zote zinashikwa kwa wakati mmoja, na kebo yenyewe ni ngumu kwa sababu nyaya za kasi zimefunikwa kwa ngao ya chuma. Kebo ngumu huivuta plagi upande, plagi inakaa kimshazari, na pini za kona moja zinatangulia. Ukisukuma katika hali hiyo ndipo unazikunja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuinyoosha kebo kabla ya kufika kwenye pini. Ipitishe kwenye tundu la kasha lililo karibu, ikunje kwa upole mbali na plagi, iachie urefu wa kutosha, mpaka plagi ikae juu ya ukuta wa plastiki yenyewe bila wewe kuishikilia kwa nguvu. Kama ukiiachia inageuka, bado hujamaliza kazi ya kebo.

Halafu angalia ndani ya ukuta kwa tochi. Pini zote zimesimama wima? Kona moja haina pini, hiyo ni sawa. Sasa linganisha nundu na pengo, ishushe plagi mpaka uhisi imegusa pini zote kwa usawa, na ndipo usukume kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho wa plagi, polepole na bila kuyumbisha. Chini ya madabodi kwenye ukingo huo mara nyingi hakuna skrubu ya kuishikilia, kwa hiyo utaiona inabonyea. Kubonyea kidogo ni kawaida. Kama inabonyea sana, pitisha vidole vya mkono mwingine nyuma, kupitia uwazi wa kebo, uishikilie kwa chini. Hakuna mlio wa "tiki" utakaousikia, kwa kuwa plagi hii haina kufuli. Utajua imefika kwa kuona kwamba imezama sawa pande zote mbili na haishuki tena.

Fanya haya kabla hujafunga kadi ya grafiki. Kwenye madabodi nyingi sehemu ya USB 3.0 iko ukingo wa kulia, karibu na plagi kubwa ya umeme ya pini 24, na kadi ndefu ikishaingia mkono wako haupiti tena. Hali ni hiyohiyo kwa USB 2.0, ambayo hukaa ukingo wa chini.

Kuichomoa ni hatari kuliko kuichomeka. Ukivuta kwa kebo, ukuta wa plastiki unaweza kung'oka ukiwa umebaki ndani ya plagi, na pini zikabaki uchi. Ikikutokea, usikate tamaa: ukuta huo haubebi umeme, ni kiongozi tu. Uondoe kwenye plagi, urudishe taratibu juu ya pini ukihakikisha pengo limerudi upande wake. Kuchomoa kwa usalama ni kushika plagi yenyewe kwa pande zake fupi na kuitikisa kidogo kwa kufuata urefu wake huku ukiinua, kamwe si kwa kuiyumbisha kwa upana.

Na pini ikikunjika? Pini za USB 3.0 zimeachana milimita 2 tu, wakati zile za USB 2.0 zimeachana milimita 2.54, kwa hiyo hapa panahitaji subira. Tumia kibano chembamba chenye ncha iliyonyooka. Ishike pini karibu na shina lake, si kwenye ncha, uinyanyue mara moja mpaka ilingane na wenzake, basi. Pini ya shaba huvumilia kunyooshwa mara moja. Ukiikunja na kuinyoosha tena na tena itakatika. Usijaribu kuinyoosha kwa kutumia plagi yenyewe, maana pini iliyolala ikibanwa chini inaweza kugusana na jirani yake, na jirani huyo akiwa ni wa volti 5 ndipo matatizo ya kweli yanapoanza.

Kebo yako ya tatu haitatuchukua muda. Ni ya tundu la mbele la USB-C. Sehemu yake kwenye madabodi huitwa Type-E: ni kijisanduku kidogo chenye kingo za chuma, kwa kawaida kiko jirani na sehemu ya USB 3.0, na plagi huingia upande mmoja tu, ikijifunga kwa mlio mdogo. Hiyo nayo haihitaji kulazimishwa. Kutegemea madabodi, hubeba gigabiti 5, 10 au 20 kwa sekunde. Kama umeangalia ukingo wote wa kulia na hukuiona, basi huenda madabodi yako haina, na zipo nyingi zisizo nayo. Kuacha kebo hiyo bila kuichomeka hakuharibu chochote. Ifunge kwa kamba ya plastiki nyuma ya kasha, isiguse feni.

Utaona watu wakipendekeza adapta inayogeuza sehemu ya buluu ya USB 3.0 kuwa Type-E. Zipo na zinafanya kazi, lakini zitakupa gigabiti 5 tu, na kama madabodi yako ina sehemu moja ya buluu, ukiipa tundu la C umeyanyima matundu mawili ya mbele. Mimi nisingefanya biashara hiyo. Kama unaihitaji USB-C ya mbele kwa dhati, kuna kadi za PCIe zenye sehemu ya Type-E, nazo hazikunyang'anyi kitu kingine isipokuwa nafasi ya kadi.

Ukimaliza, jaribu kabla ya kufunga ubavu wa kasha. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu jaribio ambalo karibu kila mtu hulifanya halithibitishi kitu. Watu huchomeka kipanya kwenye tundu la buluu, kinafanya kazi, wanafunga kasha. Kipanya hutumia zile nyaya nne za zamani tu. Plagi yako inaweza kuwa haijazama upande mmoja, au pini ya waya wa kasi imekunjika, na kipanya kisijue. Jaribu kwa flashi au diski ya USB 3.0: nakili faili kubwa kwenye tundu la mbele, kisha nakili lilelile kwenye tundu la buluu la nyuma. Ikiwa mbele inakwenda kwa mwendo wa megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde na nyuma inakwenda mara kadhaa zaidi, mbele imeangukia USB 2.0, ambayo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60. Zima, chomoa umeme, rudi kwenye plagi ya buluu. Fanya jaribio hilo kwa kila tundu la mbele, kwani kila moja lina nyaya zake na moja linaweza kuwa zima wakati jirani yake ni bovu.

Kuna jambo dogo linalofanana na ubovu lakini si ubovu. Kidude cha kupokelea mawimbi ya kipanya kisichotumia waya kikichomekwa kwenye tundu la buluu, hasa kando ya diski inayofanya kazi, kipanya kinaweza kuruka-ruka. USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa ya gigahetsi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na vipanya hivyo. Kihamishie kwenye tundu la USB 2.0 na kitatulia.

Kama tundu halionyeshi uhai wowote, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya madabodi unaofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka) uone kama USB za mbele hazijazimwa kule, kisha kagua plagi. Kama kifaa kinaonekana na kupotea, hasa diski ya nje isiyo na umeme wake, angalia umeichomeka wapi: USB 2.0 imeahidi miliampia 500 tu kwa tundu, USB 3.0 imeahidi 900.

Dalili ya kuitia maanani ni ile ya kompyuta kuwaka, kuandika kwenye skrini kwamba umeme wa USB umezidi kiwango, na kujizima baada ya sekunde chache. Hiyo ni madabodi inajilinda, haijafa. Mahali fulani volti 5 zinagusana na hasi: pini iliyokunjika, au chuma kilichopinda ndani ya tundu la mbele la kasha. Chomoa umeme, toa plagi zote za USB za mbele, ziwe za buluu, nyeusi au za C, halafu washa tena. Ikiwaka bila kulalamika, rudisha plagi moja moja, ukizima na kuchomoa umeme kila mara, mpaka ujumbe urudi. Itakayouleta ndiyo yenye kasoro. Mulika ndani ya tundu lake la mbele kwa tochi kabla hujafanya lolote, na ukiona chuma kimepinda, cha kurudishwa dukani ni kasha, si madabodi.